Mawe juu ya barafu: mchezo wa kelingi kwa wanaoanza



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mambo yanayosaidia jamaa kutumia vema saa za mapumziko. Juma hili twataka kuwaeleza mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona kwa macho, kwa kuwa huchezwa juu ya barafu. Huitwa kelingi, Waingereza huandika curling.

Pengine mtauliza: «Sisi wa Bukavu, wa Goma na wa Lubumbashi, mchezo wa barafu watuhusu nini?» Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili. Siku hizi jamaa nyingi za Kongo, za Burundi na za Rwanda zimehamia Kanada. Huko majira ya baridi ni marefu. Katika miji mingi theluji huanza kuanguka mwezi wa Novemba, na huenda isiyeyuke yote mpaka Aprili. Mtu aliyezoea kuketi barazani na kuamkiana na wapita njia hujiona amefungiwa ndani kama kuku wakati wa mvua. Watoto hupata rafiki upesi shuleni. Baba na mama hubaki peke yao, wala hawajui jina la jirani anayekaa nyuma ya ukuta.

Basi, katika miji ya Kanada, hata midogo, mara nyingi kuna jumba ambamo majirani hukutana jioni za baridi. Ni jumba la kelingi. Mgeni anayeingia humo kujifunza hupata mchezo, na pamoja na mchezo hupata watu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika. Sababu ya pili ni kwamba mchezo huu una fundisho ambalo hata mtu asiyegusa barafu maisha yake yote aweza kulipokea. Tutalifikia mbele kidogo.

MCHEZO WENYEWE NI NINI

Ninyi mnaokaa upande wa Beni na Mutwanga mmeona barafu kwa mbali, juu ya vilele vya Ruwenzori, siku mawingu yanapojitenga. Barafu ya kelingi hailali mlimani. Hutengenezwa kwa mashine ndani ya jumba refu, ikasawazishwa kama sakafu ya sementi.

Juu ya barafu hiyo hupimwa njia ndefu. Kila mwisho wa njia kuna duara kubwa, na ndani yake duara nyingine ndogo zaidi, moja ndani ya mwenzake. Duara hizo zote pamoja wachezaji huziita «nyumba». Katikati ya nyumba kuna alama ndogo. Sisi tutaiita kitovu.

Pande mbili hushindana, kila upande watu wanne. Mchezaji hutelezesha jiwe zito toka mwisho mmoja wa njia, akitaka lisimame ndani ya nyumba ya mwisho wa pili, karibu na kitovu kadiri iwezekanavyo. Wapinzani nao hutafuta vivyo hivyo, tena waweza kuligonga jiwe lako na kulitoa. Ninyi mliowaona Wafaransa wakirusha mipira ya chuma karibu na kijipira kidogo cha mti, mtaelewa upesi: shabaha ni moja, ila hapa jiwe haliruki, hutambaa.

Neno moja zaidi: jiwe haliendi moja kwa moja. Mchezaji hulizungusha kidogo anapoliacha, nalo hupinda njia polepole kuelekea upande ule linakozungukia. Neno la Kiingereza lililoupa mchezo jina linahusu kupinda huko. Ukisukuma bilauri iliyopinduliwa juu ya meza huku ukiizungusha, itapinda upande mwingine kabisa. Kwa nini jiwe la barafu hufanya kinyume cha bilauri? Wataalamu wangali wanabishana.

ASILI YAKE

Kelingi ilikua katika nchi ya Uskoti, ambako maziwa madogo yaliganda wakati wa baridi na wakulima wakakosa kazi shambani. Walitwaa mawe ya mtoni na kushindana kuyatelezesha.

Habari ya zamani iliyoandikwa juu ya shindano la namna hiyo yatoka katika nyumba ya watawa. Mwezi wa Februari mwaka 1541, katika abasia ya Paisley, mtawa mmoja jina lake John Sclater alikwenda penye barafu, akatelezesha jiwe mara tatu, akatangaza kwamba yu tayari kwa shindano aliloahidiana na Gavin Hamilton, mtu wa jamaa ya abate. Mwandishi wa hati, John McQuhin, aliliandika jambo hilo kwa Kilatini kama anavyoandika mambo ya mashamba na urithi. Basi tangu mwanzo mchezo huu ulishikana na ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi.

Katika nchi za Ubelgiji wa leo pia watu walipenda kucheza juu ya barafu. Pieter Bruegel, mchoraji mashuhuri, alichora picha za majira ya baridi mwaka 1565. Moja imehifadhiwa Bruxelles, nyingine Vienna. Ndani yake twaona wanakijiji wakitelezesha vitu juu ya barafu, mchezo unaofanana sana na kelingi.

Mwaka 1838 Waskoti waliunda chama kikubwa huko Edinburgh ili sheria ziwe moja kwa wote. Mwaka 1842 Malkia Victoria alipotembelea jumba la Scone, alionyeshwa mchezo huu juu ya sakafu ya mbao ya chumba cha ngoma. Mwaka uliofuata chama kikapewa ruhusa ya kujiita cha kifalme. Kumbe Waskoti waliokwenda ng'ambo walikuwa wamekwisha kuuchukua: chama cha Montréal kiliundwa mwaka 1807. Leo Kanada ndiyo nchi yenye wachezaji wengi kuliko zote.

Katika Michezo ya Olimpiki, kelingi ilichezwa Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, na Waskoti wakaishindia Uingereza. Halafu kwa miaka mingi haikutolewa medali tena, mpaka Nagano, Japani, mwaka 1998. Tangu mwaka 2018 kuna pia shindano la watu wawili wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

MAWE NA BARAFU

Jiwe la kelingi si jiwe lolote la kuokota njiani. Ni la itale, jiwe gumu, limechongwa mviringo na kutiwa mkono wa kushikia juu yake. Uzito wake ni tangu kilo 17 mpaka karibu kilo 20. Msiogope uzito huo, maana mchezaji halinyanyui. Hulisukuma tu likiwa chini. Chini ya jiwe pamechongwa kama kisosi, hata ni ukingo mwembamba tu unaogusa barafu.

Itale inayosifiwa kupita zote hutoka katika kisiwa cha Ailsa Craig, pwani ya Uskoti, ambacho leo ni makao ya ndege wa baharini. Jiwe la huko halinywi maji. Jiwe linalokunywa maji hupasuka maji yanapoganda ndani yake. Lile la Ailsa Craig hudumu miaka na miaka. Kiwanda kimoja katika mji wa Mauchline kimekuwa kikiyachonga tangu mwaka 1851.

Barafu nayo ina siri yake. Kama ingekuwa laini kama kioo, jiwe lingeshikwa na lisingefika mbali. Kwa hiyo mtunza barafu, kabla ya mchezo, huvaa chombo cha maji mgongoni na kunyunyiza matone madogo kotekote. Matone hayo huganda yakawa vijiupele, na jiwe hupita juu ya vichwa vyake. Njia ina urefu wa mita 45 na nusu hivi, na upana usiozidi mita 5. Nyumba ina upana wa mita 3 na sentimita 66.

Na ufagio je? Huo ndio unaowachekesha wanaoona mchezo mara ya kwanza. Jiwe likiwa njiani, wachezaji wawili hukimbia mbele yake wakisugua barafu kwa nguvu. Si mzaha. Kusugua hupasha barafu joto kidogo sana, ikapunguza ukinzani. Basi jiwe huenda mbali zaidi, tena halipindi sana kama linavyopinda lisiposuguliwa: yaani hunyoka. Mtu aliyelisukuma kwa unyonge aweza kuokolewa na wenzake. Nayo ni kazi ya jasho, hata katika jumba la baridi.

NAMNA YA KUCHEZA NA KUHESABU

Kila mchezaji husukuma mawe mawili, akipokezana na mpinzani wake. Watu wanane, mawe 16: hiyo ni duru moja. Katika mashindano makubwa huchezwa duru 10. Katika vyama vingi huchezwa 8, nazo humalizika kwa muda wa saa mbili hivi.

Mmoja katika wanne ni nahodha. Wenzake wanaposukuma, yeye husimama katika nyumba ya mbali, akiweka ufagio wake juu ya barafu ili kuwaonyesha pa kulenga. Yeye ndiye anayesoma barafu, anayekata shauri kama jiwe liwekwe kuwa ngao mbele ya nyumba, au liingie ndani, au lifukuze la adui.

Kuhesabu ni rahisi. Duru ikiisha, hutazamwa jiwe lililo karibu na kitovu kuliko yote. Upande wenye jiwe hilo ndio pekee unaopata alama. Hupata alama moja kwa kila jiwe lake lililo ndani ya nyumba na lililo karibu zaidi kuliko jiwe bora la wapinzani. Tuseme wekundu wana jiwe la kwanza na la pili kwa ukaribu, na la tatu ni la njano, na la nne ni jekundu tena. Wekundu wamepata alama 2. Lile la nne halihesabiwi, kwa sababu la njano limelitangulia. Wenye njano hawakupata kitu.

Upande uliopata alama huwaachia wapinzani haki ya kusukuma jiwe la mwisho katika duru inayofuata. Haki hiyo ina thamani kubwa, na wachezaji huiita «nyundo». Hivyo aliyeshinda duru huanza ijayo akiwa na shida kidogo, na aliyeshindwa hupewa nafasi ya kuinuka.

SIKU YA KWANZA

Mtu anayetaka kuanza afanye nini? Asinunue kitu. Vyama vingi huweka siku za mafunzo kwa wageni, mara nyingi mwanzo wa majira ya baridi. Mawe ni mali ya chama, na mwanafunzi huazimwa ufagio. Apige simu au aende mlangoni aulize. Hakuna anayetazamia kwamba mgeni ajue jambo lolote.

Avae suruali inayonyumbuka, maana atachuchumaa sana. Nguo moja juu ya nyingine, ili apunguze anapopata joto. Na glavu nyepesi. Achukue viatu safi vya mpira vya kuvaa mle ndani tu. Punje moja ya mchanga iliyoletwa na kiatu huharibu njia ya jiwe. Kwa kichwa, wanaoanza na watoto wavae kofia ngumu ya kuwakinga wakianguka.

Sasa kanuni za usalama, ambazo twaomba mzishike kabla ya nyingine zote. Usikimbie siku ya kwanza. Usirudi kinyumenyume bila kutazama, maana nyuma yako yaweza kuwapo jiwe. Usijaribu kulisimamisha kwa mguu jiwe linalokwenda kasi. Usinyanyue jiwe kutoka kwenye barafu. Ligeuze kwa ubavu unapotaka kusafisha chini yake. Na kitelezi, yaani kipande laini kinachovaliwa chini ya kiatu kimoja, kivae wakati wa kusukuma tu, kisha ukivue.

Kusukuma kwenyewe hufundishwa hivi. Katika barafu, nyuma ya nyumba, mna vikanyagio viwili vya mpira. Anayetumia mkono wa kuume huweka mguu wa kuume katika kikanyagio cha kushoto. Anayetumia mkono wa kushoto hufanya kinyume. Mguu wa pili huvikwa kitelezi. Huchuchumaa, jiwe likiwa mbele yake, na mkono usioshika jiwe huegemea ufagio. Hulivuta jiwe nyuma kidogo, kisha hujisukuma kwa mguu ulio katika kikanyagio, naye huteleza pamoja na jiwe, mguu mmoja ukiwa chini ya kifua, mwingine ukiburuta nyuma. Macho yasitazame jiwe. Yatazame ufagio wa nahodha. Kabla ya kufika mstari uliopigwa mbele ya nyumba, auzungushe mkono wa jiwe polepole, kama anayefungua mlango, kisha aliache.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kulisukuma jiwe kwa mkono mwishoni, akiona haya kwamba halina nguvu. Hapo hupotea upande. Nguvu zatoka mguuni; kazi ya mkono ni kuongoza tu. Kosa la pili ni kulizungusha mno. Mizunguko miwili au mitatu njia nzima yatosha.

Jiwe la kwanza la mwanafunzi kwa kawaida hufa katikati ya njia. Jiwe lisilovuka mstari wa mbali huondolewa. La pili labda hupitiliza hata ukutani. Asivunjike moyo. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya saa mbili, wanafunzi wengi huwa wamecheza duru moja au mbili za kweli, na huenda jiwe moja likasimama ndani ya nyumba. Hilo moja ndilo litakalowarudisha juma lijalo.

MWAMUZI NI WEWE

Sasa twafikia lile fundisho tulilolitaja. Katika mpira wa miguu twajua ilivyo. Mchezaji agusaye mpira kwa mkono hutazama kwanza kama mwamuzi ameona. Asipoonwa, huendelea, na watazamaji wake humshangilia kwa werevu. Hata watoto wetu uwanjani hufanya hivyo, wakidhani kwamba dhambi ni kushikwa.

Katika kelingi ya vyama hakuna mwamuzi. Hakuna mwenye filimbi. Na sheria yasema hivi: jiwe linalokwenda likiguswa na mchezaji wa upande wake, kwa mguu au kwa ufagio, kabla ya kufika mstari wa mbali, jiwe hilo limeungua, upande wake mara moja huliondoa mchezoni. Ni nani aliyeona? Mara nyingi hakuna mwingine isipokuwa yule aliyeligusa. Ufagio unasugua upesi sana, sentimita chache tu mbele ya jiwe, na mguso mdogo hausikiki. Wapinzani wamesimama mbali. Desturi yamtaka mfagiaji mwenyewe ainue sauti aseme: «Nimeligusa.»

Fikirini ugumu wake. Ni duru ya mwisho. Jiwe la rafiki yako laelekea kitovuni, na wenzako watatu wamecheza saa mbili kwa ajili ya jiwe hilo. Ufagio wako umeligusa kidogo tu, hata njia yake haikubadilika. Ukinyamaza, mmeshinda. Ukisema, mmeshindwa, tena kwa ajili yako. Mchezaji wa kweli husema. Naye asemapo, wenzake hawamkaripii. Wangemkaripia kama angenyamaza.

Vivyo hivyo katika kuhesabu. Duru ikiisha, wasaidizi wa manahodha wawili hutazama mawe na kupatana. Wengine hukaa kando. Wasipoweza kuamua kwa macho, hulipima kwa kipimo kilichowekwa kitovuni, na ubishi umekwisha. Kweli, katika mashindano makubwa ya mataifa waamuzi wapo, na mikono ya mawe hutiwa chombo cha umeme kinachoonyesha kama mchezaji amechelewa kuliacha. Lakini hata huko sheria ya kujitaja mwenyewe haikufutwa.

Desturi nyingine zafuata hiyo. Kabla ya mchezo wote hupeana mikono na kutakiana mchezo mwema. Hakuna anayeshangilia kosa la mpinzani. Upande unaoona kwamba hakuna tumaini tena hauoni haya kukubali: huvua glavu na kunyosha mkono kabla ya duru ya mwisho. Na mchezo ukiisha, wachezaji wanane huketi pamoja mezani, na desturi yataka walioshinda wawanunulie walioshindwa kinywaji cha kwanza, kiwe chai, kahawa au bia. Ni mezani hapo mgeni anapoulizwa jina lake, atokako, watoto wake ni wangapi. Ni hapo jirani anapokuwa jirani.

Sisi twaona kwamba mzazi anayemtafutia mtoto wake mchezo katika nchi ya ugeni afadhali alipime jambo hili kabla ya kupima medali. Misuli itapatikana katika michezo yote. Mazoea ya kusema «nimeligusa» mbele ya watu hayapatikani kila mahali. Mtoto aliyejizoeza kulisema kwa jiwe, atalisema kwa urahisi zaidi siku atakapovunja sahani jikoni, na siku atakapokabidhiwa fedha za watu.

WENYE NGUVU NA WASIO NA NGUVU

Uzuri mwingine ni kwamba mchezo huu haufukuzi watu. Baba wa miaka 60 aweza kuwa nahodha wa kijana wa miaka 15. Mume na mke waweza kucheza upande mmoja. Mwenye magoti mabovu hutumia fimbo maalum iliyoshikishwa juu ya jiwe, akalisukuma akiwa amesimama. Wanaotembea kwa viti vya magurudumu nao hucheza. Shindano lao lilianza katika Michezo ya Paralimpiki ya Torino mwaka 2006, na kwao hakuna kufagia, basi kila jiwe lategemea mkono wa aliyelisukuma peke yake.

Na Waafrika je? Mwaka 2018 Nijeria ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kupokewa katika chama cha dunia cha kelingi. Mwaka 2019 mwanamume na mwanamke wa Nijeria walicheza katika mashindano ya dunia ya watu wawili wawili huko Stavanger, Norwe, na wakawashinda Wafaransa. Asiwepo basi wa kusema kwamba barafu ina rangi ya ngozi inayoipenda.

KWA WALIO MBALI NA BARAFU

Wanafunzi wapenzi, hatukuwasahau. Katika nchi nyingine shule huicheza kelingi juu ya sakafu, kwa mawe mepesi yenye magurudumu madogo. Ninyi mwaweza kujaribu kwa vitu mlivyo navyo.

Tafuteni sakafu laini ya sementi na kuifagia. Choreni kwa chaki nyumba yenye duara tatu na kitovu katikati. Hatua kumi na mbili kutoka hapo, pigeni mstari wa kusimama. Chukueni makopo manane ya maziwa yaliyo sawa, yatieni mchanga na kuyafunga vizuri; manne yafungeni utambaa mwekundu, manne mengine utambaa mweupe. Watu wanne, wawili kila upande, kila mtu makopo mawili, kwa kupokezana. Kopo litelezeshwe, lisirushwe. Hesabuni kama tulivyoeleza hapo juu: upande mmoja tu hupata alama katika kila duru. Hata vizibo vya chupa juu ya meza vyafaa kujifunzia hesabu hiyo.

Na sheria moja msiiache: msiweke mwamuzi. Anayekanyaga mstari aseme mwenyewe. Anayegusa kopo kwa mguu aseme mwenyewe. Wanaohesabu wawe wawili, mmoja wa kila upande, wapatane. Mtaona kwamba kulenga si kazi kubwa kuliko hiyo.

Ninyi wazazi wenye watoto au ndugu katika nchi za baridi, mnapowaandikia au kuwapigia simu, msiwaulize habari za kazi na fedha tu. Waulizeni pia: «Jioni mnakaa na nani?» Wakijibu kwamba hawakai na mtu, waambieni watafute jumba la kelingi la mtaa wao, wavae nguo za joto, na kuingia.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya mchezo mwingine. Kwa leo twawatakia ninyi nyote mapumziko mema.